SOMO LA MWEZI HUU: Maji Yakitoka kwa Kifuniko cha Thamostati

Vikundi kadhaa sasa vina pikapu yao wenyewe, na tunawapongeza. Leo tuongee juu ya kitu kidogo kinachoweza kuiua.

Sisi tulijifunza kwa hasara. Pikapu yetu ya maziwa ilianza kupunguza maji ya rejeta. Dereva hakusema neno. Alibeba mtungi wa lita 5 na kuongeza kila asubuhi. Tulipouliza tukaambiwa, "Ni kawaida tu, gari imezeeka." Siku moja ikachemka mlimani. Maziwa yaliharibika, silinda hedi ikapindika, na pesa tulizokuwa tumeweka za karo zikaenda gereji. Maji yalikuwa yanavuja kwa kifuniko cha thamostati, ambacho gasketi yake ni kipande cha karatasi ngumu!

Thamostati ni kama mlango. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa. Maji yakifika joto lililoandikwa juu yake, mara nyingi digrii 82 au 88, unaanza kufunguka ili maji yaende kupozwa kwa rejeta. Mafundi wengine huitoa na kuitupa, eti huku kwetu ni joto. Hatukubaliani nao. Injini isiyopata joto lake hunywa mafuta mengi na kulika upesi, na kuna injini ambazo bila thamostati huchemka hata zaidi, kwa sababu maji mengi hupita njia ya mkato bila kufika kwa rejeta.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza injini ipoe kabisa; afadhali ifanywe asubuhi kabla gari haijawashwa. Ukifungua rejeta ikiwa moto, maji yataruka na kukuchoma uso. Tumeona mtu akichomeka hivyo. Toa maji kiasi kwenye beseni, na kama yana kulanti, yaweke mbali na watoto na mbwa: ni matamu na ni sumu.

Katika magari mengi, ukifuata mpira wa juu wa rejeta mpaka kwa injini utakuta kifuniko chenye bolti mbili au tatu. (Mengine yameiweka kwa mpira wa chini.) Bolti ikikataa, usiilazimishe. Ipake mafuta ya kulegeza kutu, ungoje. Ikikatikia ndani, hiyo ni kazi ya fundi.

Kabla ya kutoa thamostati, angalia imekaaje. Springi huangalia ndani ya injini, na kitundu kidogo cha hewa, kama kipo, hukaa juu. Unaweza kuipima jikoni: ifunge kwa uzi, iningʼinize ndani ya sufuria ya maji juu ya moto. Maji yakikaribia kuchemka ifunguke, na ikipoa ijifunge. Isipofanya hivyo, nunua nyingine.

Ziba tundu la injini kwa kitambaa, kisha kwangua gasketi ya zamani bila kuchimba chuma. Kifuniko kilicholiwa au chenye ufa kisipakwe gundi, nunua kipya. Ukitumia silikoni, paka nyembamba, maana vipande vinavyobaki huziba rejeta. Kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo, na spana fupi.

Toa kitambaa (usicheke, kuna waliokisahau!) kabla ya kufunga. Jaza maji polepole, washa injini kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, na uongeze hewa inapotoka. Funga kabla maji hayajapata moto sana. Mpira wa juu ukipata joto ghafla, thamostati imefunguka. Kesho yake angalia kama pamelowa.

Vifuniko vingi ni vya alumini, na maji ya kisima yenye chumvi huvila. Tumia kulanti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe.

Swali la kujadili: Katika kikundi chenu, ni nani anayefungua boneti kila asubuhi, na maji anayoongeza anayaandika wapi?