SOMO: KUTENGENEZA KASORO ZA MISHIKIO YA SPONJI KATIKA FIMBO ZA KUVULIA

Makusudi ya somo

Somo hili limekusudiwa vyama vya wavuvi vyenye karakana ndogo, hasa vile vya mwambao ambako wageni huja kuvua kwa fimbo, kama Malindi, Watamu na Shimoni. Ufundi wenyewe umekuzwa sana Marekani, ambako mafundi hutengeneza fimbo moja moja kwa kipimo cha mkono wa mwenye kuagiza. Fimbo ya namna hiyo ni ghali, na mwenyewe huithamini kupita bei yake. Mshikio unapopata jeraha, fundi asiyejua hulipaka gundi ngumu na kulipiga msasa, na kasoro iliyokuwa ndogo ikazidi kuwa kubwa. Kwa hiyo ni wajibu wa chama kuhakikisha kwamba anayepokea kazi hii anaijua.

Tabia ya sponji

Sponji itumikayo huitwa kwa kifupi EVA. Ni jamaa ya ile ya soli za viatu vyepesi na kandambili. Ndani yake mna vipovu vidogo vya hewa, kila kimoja kimefungwa peke yake. Ndiyo maana hainywi maji kama sponji ya godoro. Mambo mawili yakumbukwe daima. Kwanza, sponji hii ni laini, basi kitu chochote kigumu kikitiwa ndani yake hakitalika sawa nayo wakati wa kupigwa msasa. Pili, joto huilainisha na kuitanua hewa iliyomo. Joto dogo ni dawa. Joto kubwa huikunja na kuiharibu kabisa.

Kasoro na matengenezo yake

1. Kubonyea. Mshikio uliobanwa kwa kamba au kuegemezwa ubavuni mwa boti hubaki na bonde, ingawa sponji haikukatika. Hapa gundi haihitajiki. Mshikio uoshwe kwa sabuni na maji, kisha upitishwe juu ya mvuke wa birika kwa nukta chache, huku ukizungushwa. Hewa ya ndani hutanuka na bonde huinuka. Fundi aache mara linapolingana, na mvuke usifike kwenye nyuzi zinazofunga vikuku vya mshipi.

2. Vishimo vidogo. Mara nyingine fundi anapokereza sponji hukuta tundu lililokuwamo tangu kiwandani. Lisipozidi punje ya mchele, lizibwe kwa vumbi la sponji ya rangi ile ile, lililopatikana kwa kusugua kipande cha akiba juu ya msasa. Vumbi lichanganywe na gundi kidogo ya mpira, ile inayobaki laini ikikauka. Gundi ya kukauka mara moja isitumike kwa wingi, kwa kuwa huwa ngumu kama kioo: msasa hula sponji pembeni, gundi ikabaki kama chunusi inayong'aa, na mkono huihisi kila mara.

3. Pengo kubwa. Pengo halijazwi kwa vumbi, bali hutiwa kiraka. Fundi achukue bomba jembamba la chuma lililonolewa ukingo, akate tundu la mviringo lenye kuta safi kuzunguka jeraha. Kizibo kikatwe kutoka sponji ya aina ile ile kwa bomba pana kidogo kuliko la kwanza, ili kiingie kwa kubana. Gundi ya mpira ipakwe pande zote mbili, iachwe mpaka isishike kidole, ndipo kizibo kisukumwe. Kikikauka, kinachozidi kikatwe kwa wembe.

4. Mpasuko. Huu hutokea zaidi mwishoni mwa mshikio, pale sponji iliposukumwa kwa nguvu juu ya fimbo iliyo nene kuliko tundu lake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpasuko ufunguliwe taratibu, usafishwe chumvi, utiwe gundi ya mpira kuta zote mbili, kisha ufungwe kwa utepe mpaka kesho yake.

5. Mshikio unaozunguka. Kasoro hii haionekani kwa macho, lakini ndiyo ya hatari kupita zote, kwani samaki mzito akivuta fimbo hugeuka mkononi. Katundu kadogo kafunguliwe mahali pasipoonekana, na gundi ya kuchanganya ya mikebe miwili isindikwe ndani kwa bomba la sindano. Fimbo isiguswe mpaka gundi ikauke barabara.

Kazi yote imalizwe kwa msasa mkavu: namba 120, kisha 220, na mwisho 400, kwa kuzunguka mshikio wote wala si kusugua kiraka peke yake. Mashine ya kukereza iende polepole, kwani mwendo wa kasi huleta joto na joto huifanya sponji ing'ae.

Kufunika si kutengeneza

Tuseme mteja ameleta fimbo yenye pengo. Fundi, kwa haraka ya kupata ujira, akajaza gundi ngumu na kupaka rangi nyeusi juu. Siku hiyo mteja atalipa na kuondoka ameridhika. Lakini jua na maji ya chumvi vitaitoa rangi, na kiraka kitang'oka baharini. Mteja hatamtafuta fundi. Atakilaumu chama, naye atawaambia wenzake. Hasara aliyoisababisha mtu mmoja italipwa na wanachama wote, pamoja na wale ambao hawajapata kuishika fimbo hiyo.

Kwa sababu hiyo katibu ahakikishe kwamba kila fimbo inakaguliwa mbele ya mwenyewe kabla ya kupokelewa. Kasoro zote zinaandikwa, pamoja na zile zisizoweza kutengenezwa. Gundi na sponji zinazotoka stoo zinatiwa daftarini. Na mteja anaelezwa wazi mahali kiraka kilipo. Kiraka kilichotajwa si aibu. Aibu ni kile kilichofichwa.

Maswali ya kujadiliwa katika mkutano

1. Kwa nini gundi ngumu haifai kuziba sponji laini?
2. Mshikio uliobonyea na ule uliopasuka unatofautishwaje?
3. Fundi akiharibu fimbo ya mteja, chama kifuate utaratibu gani?