Elamu na Elamu Mwingine: Namna ya Kulinganisha Listi Mbili



Mwanzoni mwa trimestri hii sisi makapita tulisaidia kulinganisha listi ya madarasa na kaye ya ekonomu, tujue nani amelipa minervali. Tulifuata majina tu. Basi tukamrudisha nyumbani mtoto wa mwaka wa saba ambaye mama yake alikwisha kulipa. Sababu gani? Wako wawili wenye jina moja na postinomu moja, na malipo yake tuliyaandika kwa yule mwingine. Tulimwomba msamaha. Lakini msamaha peke yake hautoshi, inafaa tujifunze.

Tufungue Biblia. Ezra 2 na Nehemia 7 ni listi mbili za watu walewale waliorudi toka Babeli. Tuzilinganishe.

Paroshi yuko mara moja huku na mara moja kule, 2,172 pande zote. Hapo hakuna shida. Ara pia yuko mara moja, lakini Ezra ana 775 na Nehemia 652. Jina limekutana, hesabu imeachana: hiyo ni ya kuulizia, si ya kufuta.

Sasa Elamu. Yuko mara mbili kwa Ezra (mstari 7 na 31), mara mbili kwa Nehemia (mstari 12 na 34), na kila mara hesabu ni 1,254! Ukifuata jina tu, kila Elamu wa Ezra atashikana na kila Elamu wa Nehemia: 2 × 2 = mistari 4. Ukijumlisha unapata watu 5,016, kumbe wako 2,508 tu. Ordinateri nayo inafanya vile vile, haina haya. Hata ukiongeza hesabu pembeni ya jina haisaidii, maana hesabu pia ni moja. Na ukifuta mmoja ukisema mwandishi alikosea, umepoteza jamaa nzima. Wale waandishi walifanya nini? Wa pili walimwita Elamu mwingine. Neno moja tu, na shida imekwisha.

Njo maana tushike haya:

1. Kabla ya kulinganisha, hesabu kila jina linarudi mara ngapi katika kila listi.

2. Jina likirudi, uliza: ni watu wawili, ao ni mtu mmoja aliyelipa mara mbili? Kama ni mmoja, jumlisha malipo yake kwanza, abaki na mstari mmoja.

3. Kama ni wawili, usifuate jina. Tafuta alama inayowatenganisha: darasa, mwaka wa kuzaliwa, na iliyo bora ni namba ya matrikili.

4. Mwisho hesabu tena. Kama darasa lilikuwa na wanafunzi 48 na listi mpya ina mistari 50, usimwite mtu yeyote mbele. Rudia kazi.

Kwa hiyo tunawaomba wote: unapolipa, andikisha namba yako ya matrikili kwenye karatasi ya malipo, na uichunge karatasi hiyo vizuri. Mungu anatujua bila namba. Sisi makapita tunahitaji namba.

Bwana awabariki katika masomo yenu.