Gharama za Ala za Kusikilizia: Fungu la Sikio na Fungu la Jicho

Somo letu hili ni juu ya mali inayotumiwa katika ala za kusikilizia sauti majumbani. Twakusudia vinanda vya santuri, amplifaya, spika, hedifoni za kuvaa masikioni, na nyaya zinazoviunganisha vyombo hivyo. Wako watu, na wengi wao ni wa Marekani, Ulaya na Japani, walioufanya usikilizaji huu kuwa shughuli yao ya wakati wa faragha, na humo hutoa mali ambayo mtu asiyewajua hawezi kuisadiki.

Ama hukumu ya kile kinachosikilizwa, kama ni kisomo, hotuba au nyimbo, ina mlango wake katika vitabu vya fiqhi, wala hatutauingia leo. Leo twauliza neno moja tu: mali hii inapotoka mkononi, ni kiasi gani kinachofika sikioni, na kilichobaki huenda wapi?

FASILI YA KWANZA: ASILI YA SHUGHULI HII NA BEI ZAKE

Santuri ndefu, inayozunguka mara 33 na thuluthi kwa dakika, ilitolewa na kampuni ya Columbia huko Marekani mwaka 1948. Mwaka 1958 santuri za stirio, yaani za sauti ya pande mbili, zikaanza kuenea madukani. Katika miaka ile ndipo watu wa Marekani na Uingereza walipozoea kununua kila chombo mbali: kinanda cha santuri kwa fundi huyu, amplifaya kwa yule, spika kwa mwingine. Na zama hizo tofauti ilikuwa kubwa tena ya kweli. Chombo rakhisi kilivuma na kukwaruza. Aliyeongeza fedha, kwa kawaida alipata sauti iliyo safi zaidi.

Mwaka 1982 ikatoka diski ya Sony na Philips, isomwayo kwa nuru pasina sindano. Mashine ya kwanza ya Sony ya kuichezea iliuzwa Japani kwa yeni 168,000. Leo kuna kiunganishi kidogo cha kampuni ya Apple, cha kutia hedifoni katika simu, kiuzwacho Marekani kwa kadiri ya dola 9, nacho hufanya kazi ile ile ya kuzigeuza hesabu kuwa sauti, na mafundi waliokipima wamekisifu kwa usafi wake. Yaani elimu ya sauti safi imekuwa rakhisi mfano wa chumvi.

Lakini bei za juu hazikushuka, bali zimepanda. Mwaka 2015 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitangaza hedifoni pamoja na amplifaya yake iliyokaa juu ya marumaru, kwa kadiri ya yuro 50,000. Kampuni ya Wilson Audio ya Marekani mwaka 2016 ikaonyesha spika zilizokusudiwa kufanywa jozi 70 tu, na bei ya kila jozi dola 685,000. Na mwaka huo huo wa 2016 gazeti la Wall Street Journal lilieleza khabari za watu wa Japani waliojisimamishia nguzo zao wenyewe za umeme, zenye transfoma zao peke yao, kwa kuamini ya kuwa umeme ulioshirikiwa na jirani huichafua sauti.

FASILI YA PILI: SIKIO LILIPOTAHINIWA

Mwenye kudai lazima alete bayana. Huyu asema, "Nimesikia tofauti kwa masikio yangu." Basi mafundi wamefanya njia ya kumpima: husikilizishwa vyombo viwili pasina kujua kipi ni kipi, na sauti zao zikasawazishwa ukubwa, kisha huulizwa mara nyingi. Mwenye kubahatisha hupata nusu na hukosa nusu, kama arushaye sarafu. Mwenye kusikia kweli hupita nusu kwa kiasi kikubwa.

Mwaka 1987 gazeti la Stereo Review la Marekani liliwaita wasikilizaji, wenye kuamini tofauti za amplifaya na wasioamini, wakasikilizishwa amplifaya za bei mbali mbali, kuanzia dola 220 hata dola 12,000. Jumla ya majibu yao haikupita kubahatisha. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walitangaza mtihani wao katika jarida la Audio Engineering Society. Wao walichukua diski za namna mpya, zenye hesabu nyingi kupita diski ya kawaida, wakaipitisha sauti yake katika kipimo cha diski ya kawaida, wakauliza kama yuko atakayeijua. Katika mara 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Yaani nusu, na pungufu kidogo.

Mwaka huo huo wa 2007, James Randi wa Marekani aliahidi dola milioni 1 kwa atakayeweza, pasina kuona, kuzipambanua nyaya za spika zilizouzwa dola 7,250 na nyaya nyingine nzuri za bei ya chini. Jaribio hilo halikufanyika. Na mashindano yake ya milioni yalipofungwa mwaka 2015, fedha ile ilikuwa haijachukuliwa na mtu.

FASILI YA TATU: SABABU ZA KUDANGANYIKA

Usidhani, ndugu yangu, ya kuwa watu hawa ni waongo. Wengi wao ni watu wakweli wenye elimu, nao husema wanachokiona nafsini mwao. Sababu za kudanganyika ni tatu.

Ya kwanza ni ukubwa wa sauti. Sauti iliyozidi nyingine kidogo, hata mtu asijue ya kuwa imezidi, huonekana kuwa nzuri zaidi. Muuzaji akikizidisha kidogo chombo cha ghali, mteja husifu.

Ya pili ni jicho. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, mafundi wa kampuni ya Harman, waliwasikilizisha watu 40 spika nne, mara wakiziona na mara zikifichwa kwa pazia. Walipoziona, spika kubwa za ghali zilipata sifa nyingi. Zilipofichwa, sifa zile zikabadilika, na spika ndogo ya bei nafuu iliyodharauliwa ikapanda. Na watu hao walikuwa wafanya kazi wa kampuni ile ile, wazijuao spika.

Ya tatu ni fedha yenyewe. Mtu akiisha kutoa mali nyingi huona vigumu kusema, "Sikusikia kitu." Basi husikiliza kwa makini kuliko zamani, akasikia mambo yaliyokuwamo siku zote katika santuri yake, akadhani ya kuwa yameletwa na waya mpya.

FASILI YA NNE: PALE MALI INAPOFIKA SIKIONI

Wala hatusemi ya kuwa vyombo vyote ni sawa. Hilo nalo ni kosa. Spika hupitana sana, na tofauti zake husikika hata nyuma ya pazia. Chumba nacho kina kazi kubwa: kuta tupu na sakafu tupu hurudisha mwangwi, na sauti nene hurundikana pembeni na kupotea katikati. Zulia, mapazia na makabati ya vitabu hupunguza mwangwi. Na kuzisogeza spika mbali na pembe, au kukisogeza kiti cha msikilizaji, huenda kukaleta faida ambayo amplifaya ya maelfu ya dola haiwezi kuileta. Na kusogeza kiti hakuna bei.

Ama nguvu ya amplifaya, ijue hesabu yake. Ili sauti isikike kuwa kubwa mara mbili, yahitaji nguvu kadiri ya mara kumi. Basi anayetoka wati 50 akanunua wati 100 hakupata sauti maradufu, bali amepata nyongeza ndogo. Na usikilizaji wa kawaida chumbani hutumia wati chache tu. Ama waya wa spika, linalotazamwa ni unene wake na urefu wake. Waya wa shaba mnene wa kutosha, ununuliwao kwa fundi wa umeme, hutimiza kazi.

Na liko jambo jingine. Sikio la kijana husikia mitikisiko kutoka 20 hata 20,000 kwa sekunde. Kisha sehemu ya juu hupungua kwa umri. Mtu hupata uwezo wa kununua ala za ghali aghlabu baada ya miaka 50, na wakati huo sauti za juu kabisa zimekwisha kumwaga.

FASILI YA TANO: HUKUMU YA MATUMIZI HAYA

Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza ya kuwa miongoni mwa namna za kuipoteza mali ni mtu kupunjika kupunjika kukubwa katika biashara. Ama kuitumia katika chakula na mavazi yaliyo juu ya hali yake, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa huko si kuipoteza. Na wenye kusherehesha wamebainisha ya kuwa aliyepunjika ni yule asiyejua thamani; ama ajuaye thamani, akazidisha kwa khiari yake, ziada ile ni mfano wa sadaka ya siri kwa muuzaji.

Tukiipima shughuli hii kwa mizani hiyo, twaona watu wawili. Wa kwanza anunua spika nzuri, au kinanda cha santuri kilichofanywa kwa ustadi, naye ajua ya kuwa sehemu ya bei ni ya sauti na sehemu ni ya uzuri wa mbao na kazi ya mkono. Huyu ni kama anunuaye mlango wa nakshi. Ajua ya kuwa ubao mtupu nao huzuia mwizi. Hatumlaumu, maadamu hakumdhulumu mtu. Wa pili anunua waya wa dola 7,250 akiamini ya kuwa amenunua sauti, na sauti haimo. Huyo ndiye aliyepunjika, hata akiwa tajiri.

Swali: Akiwa mali ni yake, na furaha ni yake, sisi yatuhusu nini?

Jibu: Mali ni yake baada ya haki zilizomo. Nafaka ya mke na watoto hutangulia, na deni hutangulia. Na anayeweka akiba ya kununua spika, ikafika nisabu ikapitiwa na mwaka, ni wajibu kuitolea zaka, wala haisamehewi kwa kuwa ameikusudia ununuzi. Ama chombo chenyewe, kikiwa ni cha kutumia nyumbani, hakina zaka. Na iko haki nyingine isiyoandikwa katika daftari, nayo ni wakati wa jamaa zake.

Mazingatio yako katika khabari ya mtu mmoja wa Virginia, Marekani, aliyefariki mwaka 2022, ambaye filamu ilifanywa juu yake mwaka 2021, na gazeti la Washington Post likaeleza maisha yake mwaka 2024. Alitumia miaka mingi na kadiri ya dola milioni 1 kuijenga nyumba yake iwe na ukumbi wa kusikilizia usio na kifani, na nyingi katika ala zake alizitengeneza kwa mkono wake. Watoto wake walikua wakifanya kazi katika ujenzi huo, na mwanawe mmoja akafarikiana naye. Alipokufa, ala zile zikauzwa kwa dola 156,800. Hazikufikia hata sudusi ya alichokitoa. Fundi alikuwa fundi kweli, na waliosikiliza mle walistaajabu. Lakini warithi hawakurithi mastaajabu yale, wala siku zilizokwenda hazikurudi.

KHATIMA: MASHAURI MANNE

La kwanza: kabla ya kununua, funga macho. Mwambie rafiki akubadilishie vyombo pasina kukuambia, sauti zikiwa sawa kwa ukubwa, mara kumi na zaidi. Usipoweza kuvipambanua, nunua kilicho rakhisi.

La pili: anza na chumba, kisha spika, kisha vingine. Waya uwe wa mwisho.

La tatu: usinunue kwa deni kitu cha kujifurahisha.

La nne: andika. Wahenga wamesema, mali bila daftari huisha bila khabari. Mwenye shughuli hii aandike kila anachotoa, na pembeni aandike alichokisikia akiwa amefumba macho. Baada ya mwaka aisome hesabu yake pamoja na mkewe. Palipo na fedha nyingi na upande wa pili hapana neno, hapo ndipo pa kukomea.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuijua thamani ya tunachokinunua kabla ya kukilipia. Naye ndiye ajuaye zaidi.