Mbao Inayozuia Kuta Zisifunguke

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba, jioni hii ingieni chumbani mtazame juu. Je, iko mbao ya kulala inayotoka ukuta mmoja hadi wa pili, ikishika miguu ya paa? Kama haiko, someni hadi mwisho.

Hapa Goma nyumba nyingi ni za mbao. Moto wa Nyiragongo ulipopita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, watu walijenga tena juu ya mawe yale yale, na kuchimba msingi humo ni taabu. Ukuta wa mbao ni mwepesi, na hiyo ni heri ardhi inapotetemeka kama ilivyotetemeka Mei 2021. Lakini ukisukumwa kutoka ndani, unakwenda.

Na paa linasukuma. Miti miwili ya mteremko imeegemeana kileleni. Uzito wa mabati unaitanua chini, kama miguu ya mtu anayeteleza kwenye matope. Chukueni nyumba ya upana wa mita 5, na jozi moja ya miti inayobeba kilo 200. Kilele kikiwa mita 1 na sentimita 25 juu ya ukuta, mbao ya kulala inavutwa kwa kilo 100 hivi. Shusheni kilele hadi nusu ya hapo ili kubana mabati: zinakuwa kilo 200.

Mafundi wengine huipandisha mbao hiyo karibu na kilele, chumba kionekane kirefu. Mbao ya juu ina kazi yake, kuzuia miti isiachane kileleni upepo unapoinua mabati. Haifungi kuta. Hata katikati ya kimo, mvuto ni mara mbili na miti hupinda. Mahali pake ni pale juu ya ukuta, kwa kila jozi. Ikishindikana kabisa, isipite theluthi ya chini.

Unene wake hauna ugomvi. Kwa nyumba hiyo, mbao ya sentimita 5 kwa 10 inatosha, isimame kwa ubavu, na katikati ishikwe na kipande kinachoshuka kutoka kileleni isilegee. Kinachoshindwa ni misumari. Msumari wa sentimita 10 uhesabieni kilo 50. Kwa kilo 200 ni minne, nami ningepiga sita kila upande, isifuatane katika mstari mmoja wa mti. Mkaratusi hupasuka upesi: toboeni kwanza. Mbao ikiungwa katikati, kiungo nacho kipate misumari hiyo hiyo. Magunia ya mahindi yasipandishwe juu yake. Mzigo huo unataka mbao nene zaidi.

Sasa fungeni jiwe kwenye kamba, mlishushe nje kutoka juu ya ukuta. Kama ukuta umeegea nje, paa limeanza kuufungua. Msiuvute kwa nguvu. Tegemezeni paa kwa nguzo ndani, kama mnavyofanya mgodini kabla ya kugusa mwamba mbovu, ndipo seremala aitwe. Usiku huo watoto walale chumba kingine.