MSULI HUVUTA, HAUSUKUMI
Kwa nini kushuka mlima huumiza mapaja kuliko kupanda?



Siku moja tulikuwa na kikundi cha kisomo huko Mpuguso, wilayani Rungwe. Mvua ilikuwa inanyesha, kama kawaida ya upande wa Tukuyu. Tulikuwa tumemaliza hesabu za mauzo ya ndizi, tukauliza kama kuna mwenye swali. Mama mmoja akanyosha mkono, akasema:

"Mwalimu, mimi nikipanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani, nahema sana. Lakini kesho yake sina neno. Nikishuka nao sihemi hata kidogo. Basi siku ya pili yake mapaja yananiuma, hata kukaa kwenye kigoda siwezi. Baba watoto anasema najifanya. Anasema kushuka si kazi, hata jiwe hushuka lenyewe."

Darasa zima likacheka. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema, "Huyo bwana kasema kweli, mwanangu. Kushuka ni kushuka tu."

Mama yule hakucheka. Tuliona kwamba hili si jambo la mzaha. Mtu anaumwa, na nyumbani haaminiwi. Basi tukaliacha somo la hesabu, tukaanza somo la misuli. Leo tunawaletea somo hilo.

MSULI NI NINI?

Wengi wetu tukiumwa paja husema, "Mishipa inanivuta." Lakini mshipa ni njia ya kupitisha damu. Kinachovuta ni msuli. Msuli ndiyo ile nyama yenyewe. Ukinunua nyama ya ng'ombe buchani, ile steki nyekundu ni msuli wa ng'ombe. Ichemshe sana, kisha ichambue kwa vidole. Utaona inachambuka nyuzi nyuzi. Hata nyama ya mwili wako imejengwa kwa nyuzi kama hizo.

Mwili wa binadamu una misuli zaidi ya 600. Misuli hiyo ni ya aina tatu:

1. Misuli ya mifupa. Hii ndiyo tunayoiamuru wenyewe. Ukitaka kuinua jembe, unainua. Ukitaka kuacha, unaacha. Mingi imeshikwa kwenye mfupa kwa kano. Shika nyuma ya kifundo cha mguu wako, juu ya kisigino. Ile kamba ngumu unayoigusa ni kano.

2. Misuli laini. Hii hufanya kazi bila kuamriwa. Imo tumboni, kwenye matumbo, kwenye kuta za mishipa ya damu, na kwenye mji wa mimba. Mama anapopata uchungu wa kuzaa, ni msuli huo unaojikaza. Baada ya kuzaa unatakiwa uendelee kujikaza ili damu ikatike. Usipojikaza, damu hutoka nyingi na mama huweza kufa. Ndiyo sababu tunahimiza akina mama wajifungulie kwenye kituo cha afya.

3. Msuli wa moyo. Huu uko peke yake. Haupati likizo. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga mara 100,800 kwa siku moja. Zidisheni wenyewe: 70 mara 60 mara 24.

MSULI HUVUTA TU

Hebu fanya jaribio. Weka kiganja cha kushoto juu ya mkono wako wa kulia, mbele, kati ya bega na kiwiko. Sasa kunja mkono wa kulia. Unaona msuli unavimba na kuwa mgumu? Umejikaza, umekuwa mfupi, umevuta mfupa wa chini ukaja juu.

Sasa nyosha mkono. Je, msuli ule umeusukuma mkono uende chini? Hapana. Msuli hauwezi kusukuma, kama vile kamba isivyoweza kusukuma ng'ombe. Kilichonyosha mkono ni msuli mwingine ulio nyuma. Ndiyo maana misuli mingi hufanya kazi wawili wawili, kama watu wawili wenye msumeno mrefu wa kupasulia mbao. Mmoja akivuta, mwenzake analegeza. Kisha wanabadilishana. Wote wawili wakivuta pamoja, msumeno hauendi popote.

NDANI YA UZI MNA NINI?

Kila uzi wa msuli una nyuzi nyingine ndogo sana ambazo jicho haliwezi kuziona. Ziko za aina mbili: nyembamba, ziitwazo aktini, na nene, ziitwazo miosini. Zimepangwa zikiingiliana, kama vidole vya mikono miwili.

Uzi mnene una vichwa vidogo vingi. Ubongo ukitoa amri, amri hupita kwenye uti wa mgongo, ikafuata neva mpaka kwenye msuli. Ikifika, madini ya kalsiamu humwagika ndani ya uzi na kufungua njia. Hapo vile vichwa hushika uzi mwembamba, huvuta, huachia, hushika tena mbele kidogo, huvuta tena. Ni kama mchezo wa kuvuta kamba. Mikono yako haifupiki, na kamba nayo haifupiki, lakini kamba inakuja upande wako.

Jambo hili lilielezwa na wataalamu mwaka 1954. Vikundi viwili, kimoja cha Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, kingine cha Hugh Huxley na Jean Hanson, vilitangaza mwaka huo huo kwamba nyuzi hazifupiki, bali huteleza moja kando ya nyingine.

KUACHIA NAKO NI KAZI

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Vichwa vile vinahitaji nguvu, na nguvu hiyo hutoka kwenye chakula na hewa tunayovuta. Mwili huigeuza ikawa kitu ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi ATP. Kichwa kikishavuta hubaki kimeshika. Ili kiachie, ni lazima kipate chembe mpya ya ATP. Kwa hiyo msuli hula chakula ili uvute, na hula chakula ili uachie.

Ushahidi tunao. Mnyama akichinjwa, baada ya saa chache nyama yake hukakamaa. Mwili wa marehemu pia hukakamaa, kisha baada ya siku mbili tatu hulegea. Si uchawi, wala si dalili kwamba marehemu amekasirika. Pumzi imekatika, ATP imekwisha, na vichwa vimebaki vimeshika bila nguvu ya kuachia. Baadaye nyuzi zenyewe huanza kuharibika, ndipo mwili hulegea.

SASA TURUDI KWENYE MTEREMKO

Unapopanda mlima, msuli wa mbele ya paja hujikaza na kuwa mfupi. Unanyosha goti, unauinua mwili. Kazi hiyo hula nguvu nyingi, ndiyo maana unahema.

Unaposhuka, mambo ni mengine. Mguu unakanyaga chini, goti linakunjika, na uzito wa mwili pamoja na mkungu unataka kukuangusha. Msuli wa paja hauna budi kushikilia. Lakini huku unashikilia, unarefushwa kwa nguvu. Unavuta na huku unavutwa.

Fikiria unashusha gogo mteremkoni kwa kamba. Hulivuti gogo lije kwako. Unalizuia lisiporomoke, huku unaiachia kamba kidogo kidogo. Jasho halikutoki sana. Lakini tazama viganja vyako jioni: vimechubuka.

Ndivyo ilivyo kwa msuli. Wakati wa kushuka, nyuzi zinazotumika ni chache kuliko wakati wa kupanda, kwa hiyo kila uzi hubeba mzigo mkubwa zaidi. Baadhi ya nyuzi huchanika kidogo sana ndani kwa ndani. Mwili huanza kuzitengeneza, na sehemu ile huvimba kidogo na kuuma. Maumivu hayaji papo hapo. Huanza kesho yake, na mara nyingi huzidi siku ya pili au ya tatu. Kisha hupungua yenyewe.

Basi mama yule hakujifanya. Kushuka kunahitaji pumzi kidogo, lakini kunaumiza msuli zaidi. Pumzi na maumivu ni hesabu mbili tofauti.

Yule mzee wa mlangoni hakuridhika. Tukamwomba afanye jaribio: akae kwenye kigoda polepole sana, huku tukihesabu mpaka kumi, kisha avutwe mikono ainuke. Akarudia mara thelathini. Hakuhema. Akasema, "Mnaona? Hakuna kitu." Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano alikuja darasani ameshika ukuta. Akamwambia yule mama mbele ya watu wote, "Mwanangu, nisamehe. Na huyo bwana wako mwambie aje, nami nimpe kigoda." (Mwenye ugonjwa wa moyo au wa magoti asifanye jaribio hili.)

MSULI UKIBANA GHAFLA

Kubana kwa msuli ni jambo jingine. Msuli hujikaza ghafla wenyewe na kukataa kulegea, hasa kwenye ndama ya mguu. Huja zaidi mtu anapochoka sana. Tiba yake ya kwanza ni kuunyosha msuli polepole. Kwa ndama ya mguu, vuta vidole vya mguu kuelekea gotini.

Mtanzania John Stephen Akhwari aliyajua haya. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia mbio za marathoni za Olimpiki katika Jiji la Mexico, mahali penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, ambako hewa ni nyepesi. Misuli ilimbana njiani. Kisha aligongana na wenzake, akaanguka na kuumia vibaya goti. Walianza 75, wakamaliza 57. Yeye alikuwa wa 57, mguu umefungwa bendeji, na giza limeshaingia.

PEPOPUNDA: MSULI USIORUHUSIWA KUPUMZIKA

Tumesema msuli mmoja ukivuta, mwenzake hulegezwa. Amri hiyo ya kulegeza hutoka kwenye neva. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi. Vikiingia kwenye kidonda cha jembe, panga au msumari, hutoa sumu inayozuia amri ya kulegeza. Misuli yote huvuta pamoja. Taya hukaza, shingo hukaza, mgongo hupinda. Misuli ya kupumulia ikikaza, mgonjwa hufa.

Kinga yake ni chanjo. Watoto huipata ndani ya chanjo ya pentavalenti wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Akina mama wajawazito nao huchanjwa kliniki. Osha kila kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya. Na kamwe usipake samadi wala udongo kwenye kitovu cha mtoto.

TUFANYE NINI?

1. Gawanya mzigo. Mzigo mwepesi ni nafuu kwa mapaja kuliko mzigo mzito. Na wanaume nao washuke na mikungu.
2. Shuka polepole, kwa hatua fupi.
3. Anza kidogo kidogo. Msuli uliozoea mteremko hauumii sana safari zijazo.
4. Ukiumwa, usilale kutwa. Tembea taratibu mahali tambarare. Kukanda kwa maji ya uvuguvugu huleta nafuu.
5. Kula maharage, maziwa, mayai au samaki. Hivyo ndivyo vyakula vya kujenga msuli.
6. Usimeze dawa za maumivu kila siku bila kushauriwa. Huweza kudhuru tumbo na figo.

NENDA KITUO CHA AFYA UPESI ikiwa:
- mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi baada ya kazi nzito;
- mguu mmoja tu umevimba na kuuma;
- taya linakaza;
- kifua kinauma au kubana.

Waswahili husema, mpanda ngazi hushuka. Sisi tunaongeza: ashukapo, asaidiwe mzigo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Taja aina tatu za misuli. Ipi hufanya kazi bila amri yako?
2. Kwa nini tunasema msuli hausukumi?
3. Kwa nini mwili wa marehemu hukakamaa?
4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini maumivu ya mteremko huchelewa.
5. Katika kijiji chenu, nani hubeba mizigo mizito zaidi? Je, mgawanyo huo ni wa haki? Mnaweza kuubadili vipi?