Kumsifu Mungu Zizi Likiwa Tupu

Masomo: Habakuki 1:2–4 na 3:17–19, 1 Wathesalonike 5:18, Zaburi 88

Somo hili tumelichagua kwa sababu ya neno moja linalosikika sana matangani, na katika maboma yaliyopoteza mifugo. Mtu amefiwa, au ng'ombe wake wamekwisha, nasi twamwendea na kumwambia, "Mshukuru Mungu kwa yote." Twasema kwa nia njema. Lakini mara nyingi yeye hunyamaza, na tukimtazama vizuri twaona kwamba tumemfunga mdomo.

Neno hilo twalitoa kwa Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wathesalonike. Sisi tuliofundisha Kiswahili twajua kwamba kineno "kwa" kina kazi nyingi. Mtu huenda kwa miguu, hulia kwa uchungu, hulipwa kwa kazi aliyoifanya. Hivyo msomaji aweza kudhani Mtume anatuagiza tushukuru kwa sababu ya ukame wenyewe. Neno alilolitumia katika Kiyunani lina maana ya "katika" au "ndani ya". Tukiwa ndani ya kila hali, humo humo tushukuru. Kushukuru kwamba ng'ombe wamekufa, na kushukuru ilhali ng'ombe wamekufa, ni mambo mawili mbalimbali.

Hebu sasa tufungue Habakuki, kitabu cha sura tatu tu. Nabii huyu haanzi na sifa. Aanza kwa kulalamika: amwuliza Mungu atalia mpaka lini, na mbona dhuluma iko mbele ya macho yake. Mungu hamkemei kwa kuuliza, amjibu. Na hata anapofika mwisho wa sura ya tatu, kabla ya kufurahi, nabii ahesabu kwanza. Mtini, mzabibu, mzeituni, shamba, kondoo zizini, ng'ombe bandani: vitu sita, kila kimoja ametaja jinsi kilivyokosekana. Ndipo asema kwamba atamshangilia Bwana. Mfugaji wetu asimamaye langoni jioni, akiwatambua ng'ombe wake kwa rangi na alama zao, aielewa orodha hiyo upesi kuliko mwanachuo wa mjini.

Huku kwetu orodha hiyo imepata kusomwa zaidi ya mara moja. Ukame wa mwaka 2009 na ule wa mwaka 2022 tuliuona kwa macho. Katika Kimaasai jina la Mungu, Enkai, ndilo pia jina la mvua. Basi mtu aombaye wakati wa kiangazi amwita Mungu kwa jina la kitu kile kile anachokikosa. Na nyuma ya hapo iko Emutai, miaka ya maangamizi ambayo wazee hawakuisahau. Homa ya mapafu iliua ng'ombe, kisha sotoka ikaingia karibu na mwaka 1891, na ndui ikawafuata watu wenyewe. Msafiri Oscar Baumann kutoka Austria alipopita Ngorongoro mwaka 1892 aliandika habari za watu waliobaki mifupa kwa njaa.

Twayataja hayo kwa sababu ya jambo moja tunaloliona ni la aibu kidogo. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imetoweka duniani. Mwaka 2011 ikatangazwa vivyo hivyo kwa sotoka. Magonjwa mawili yaliyowamaliza babu zetu hayapo tena, na sisi hatukumbuki kusikia hata ibada moja ya shukrani kwa ajili hiyo. Chanjo ya mwananchi mwenzetu mwenye sindano nayo ni mkono wa Mungu. Shukrani ina upungufu huo: jambo baya lililokoma halipigi hodi, wala hakuna ajuaye siku ya kuimba.

Huenda mtu atauliza, je, mwenye kushukuru aache kudai haki yake? Mwaka 2022, kilomita za mraba 1,500 za Loliondo zilipowekewa alama za mipaka, wengi waliona malisho yao yakienda. Mambo hayo yana mahali pake pa kusemwa, na gazeti la kanisa si bunge. Twasema hili tu, kwamba Habakuki yule yule aliyelalamika ndiye aliyesifu, na hakuambiwa afute sura ya kwanza.

Kanisa letu la Anglikana Afrika Mashariki lina ushahidi wake juu ya jambo hili. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa moto karibu na Natete katika Buganda. Habari zilizotufikia zasema walikufa wakiimba wimbo wa kumsifu Mungu kila siku, wimbo ujulikanao mpaka leo kwa maneno yake ya kwanza ya Kiswahili. Mwaka ule ule, tarehe 29 Oktoba, Askofu James Hannington aliuawa Busoga, baada ya kusafiri kupitia nchi ya Wamaasai upande wa Kenya. Mifupa yake ilizikwa Namirembe.

Miaka tisini na miwili baada ya vijana wale, tarehe 16 Februari 1977, serikali ya Idi Amin ilimkamata Askofu Mkuu Janani Luwum, naye akauawa. Kaburi lilichimbwa Namirembe kando ya lile la Hannington, lakini maiti haikutolewa; ilipelekwa kwao Mucwini. Jumapili tarehe 20 watu walifika kwa maelfu, na baada ya ibada wakakusanyika penye kaburi tupu. Walioimba pale waliimba wimbo wa wale vijana. Hakuna aliyejidai kwamba kaburi lina mtu.

Basi tunapokutana nyumbani kwa mwenye msiba, tumwache kwanza ataje alichopoteza, kimoja kimoja, hata kama ni usiku na wengine wana safari. Mwenye maziwa ayatangulize kabla ya wimbo. Kisha asifu anayeweza. Asiyeweza asilazimishwe kupiga makofi: katika Biblia imo Zaburi ya 88, ambayo yaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila hata mstari mmoja wa furaha mwishoni, na waliokusanya Zaburi waliiacha hivyo. Wiki hii tuisome kwa sauti nyumbani, tena polepole, na anayesoma asiongeze neno lake.