Maji Katika Ufa: Somo la Tetemeko la Ardhi

Tarehe 15 Novemba 2017 mji wa Pohang, Korea Kusini, ulipatwa na tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.5. Mwaka 2019 tume ya wataalamu ilieleza kuwa lilichochewa na maji yaliyosukumwa kwa nguvu katika visima vya kutafutia joto la ardhini, karibu na ufa ambao haukuwa umetambuliwa.

Wanafunzi watauliza: maji yawezaje kutikisa mji? Tusiwajibu upesi, tuwaonyeshe.

Tulowanishe kipande cha kioo na kukilaza. Tuweke juu yake gilasi kifudifudi, kisha tukiinamishe kioo polepole hadi gilasi ikaribie kuteleza. Msuguano ndio unaoizuia. Sasa mwalimu mwenyewe aisuuze gilasi kwa maji ya moto na kuirudisha pale pale. Hewa iliyonaswa ndani hupata joto, hutanuka, na kuiinua kidogo. Msuguano hupungua, nayo huteleza.

Tuwaulize: je, ni hewa iliyoivuta gilasi? La. Iliyoivuta ni mwinamo uliokuwapo tangu awali. Vivyo hivyo, maji hulegeza tu miamba iliyokwisha kukazana kwa miaka mingi.

Hata hivyo, tusiwatie wanafunzi hofu. Olkaria, nchini Kenya, imezalisha umeme kwa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981. Tunalokusudia waelewe ni hili: kabla ya kusukuma maji ardhini, hatuna budi kwanza kuzichunguza nyufa zake.